Chui wa Baba, Chaki ya Mama

Siku jina langu lilipotajwa kwenye mkutano wa kijiji, mimi sikuwepo. Nilikuwa pwani, nimelala kifudifudi mchangani, napiga picha kasa waliokuja kutaga, na simu nilikuwa nimeizima. Nilipoiwasha nikakuta Mama amenipigia mara nyingi hadi nikadhani kuna msiba. Nikampigia. Hata salamu hakutoa.

"Wamekutaja, Zenaida. Ulinzi wa msitu. Mwaka mzima, kuanzia mwaka mpya, siku ya kupokezana fimbo za utumishi."

Nikamwambia haiwezekani, nina kazi, nina watu wanaonisubiri. Mama yangu habishani na mtu. Ananyamaza tu mpaka mwenyewe ujisikie mjinga, kisha anakuuliza kama umekula. Akaniuliza kama nimekula.

Huku kwetu Yalaguía, kwenye milima ya kaskazini mwa Oaxaca, nchini Mexico, kila nyumba hutoa mtu. Leo utakuwa askari wa kijiji, baadaye mtunza maji, baadaye mlinzi wa msitu, na hakuna anayelipwa hata peso. Nyumba isiyotoa mtu inafungiwa bomba, na mwenye nyumba akifa hazikwi kwenye makaburi ya kijiji. Familia moja ng'ambo ya korongo ilikataa zamu yake, na mpaka leo wanateka maji mtoni kwa ndoo huku majirani wakiwapita kama vile wanapita mti. Baba yangu, Tiburcio Yescas, alikuwa ameshalala makaburini, na Mama alikuwa ameshachagua pa kulala siku yake ikifika: ubavuni mwa Baba, upande wa kushoto, kwa sababu ndivyo walivyolala kitandani. Kaka yangu Fortino yuko ng'ambo ya mpaka wa kaskazini. Aliingia kwa njia za panya, na akitoka harudi. Nilibaki mimi.

Basi nikarudi nimenuna. Sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa nimetumia ujana wangu wote kutoka katika kijiji kile. Nilipiga picha harusi za watu nisiowajua mpaka nikapata pesa ya kamera nzuri, nikapiga picha ndege mpaka magazeti yakanijua, halafu nyangumi, halafu ngoma za vinyago za vijiji vya watu. Na sasa nilikuwa nalala tena kwenye kitanda kile kile cha utotoni, chini ya bati lile lile, na asubuhi nikiamshwa na kipaza sauti cha juu ya paa la ofisi ya kijiji. Kipaza sauti kile hutangaza nyama iliyochinjwa, mbwa aliyepotea na kazi ya pamoja ya kusafisha barabara. Kila siku, bila kukosa, kilitangaza: Zenaida Yescas afike ofisini.

Ukungu ndio ulionimaliza. Kwetu ukungu hupanda kutoka bondeni baada ya chakula cha mchana na kuingia hadi jikoni. Barabara yetu ni moja tu, ya changarawe, inayoshuka kwa kujizungusha hadi kwenye lami. Ukungu ukija, haionekani. Nilikuwa nasimama uani na kikombe cha kahawa, naangalia mahali barabara ilipo, na Mama kutoka jikoni ananiuliza natafuta nini. Hakuna, Mama. Naangalia hali ya hewa.

Mwenzangu wa zamu alikuwa Mzee Abdón, mtu mwembamba mwenye kofia kuukuu ya majani, aliyewahi kushika karibu kila utumishi wa chini kijijini na hata mmoja wa juu hakuwahi kuushika. Alinipokea kwa kejeli. Aliniita Bi Picha. Siku ya kwanza alinitazama viatu na kuniambia kwamba msitu hautazami kamera, unatazama miguu, na kwamba nikivunjika yeye hanibebi, ana mgongo mbovu na mke mwenye wivu. Tuliupanda mlima, sisi wawili na mapanga yetu, kuangalia kama wakata miti wa nje wameingia, kama kuna moto, kama alama za mpaka bado zipo. Nami nikiwa nahema, yeye alikuwa akipiga mluzi.

Kamati ya msitu ilikuwa na kamera za kujiendesha, kuukuu, zile ambazo unazifunga kwenye mti nazo hupiga picha zenyewe kila kinapopita kitu chenye joto. Zilikuwa zimekaa stoo, ndani ya gunia la mahindi. Nikazisafisha, nikanunua betri, tukazifunga kwenye mialoni kando ya njia za wanyama. Zikatupa kulungu, nguruwe mwitu, kwale wasiohesabika, na mara nyingi sana makalio ya Mzee Abdón, aliyekuwa akisahau zilipo na kusimama mbele yake kujisaidia. Picha hizo nilimwonyesha mke wake, naye alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha siku moja, kwenye kamera ya kijitoni, ukatokea mkia.

Ulikuwa mkia tu, mnene, wenye madoa meusi, umekatwa na ukingo wa picha. Lakini hakuna mnyama mwingine mwenye mkia ule. Ni jagwa, chui mkubwa wa nchi yetu, ambaye wazee walisema alikwisha toweka tangu babu zao wakiwa vijana. Mzee Abdón aliutazama kwa muda mrefu, akanirudishia kamera.

"Mkia ni mkia," alisema. "Andika kwamba kulionekana mnyama, tuondoke."

Sikuweza. Na sababu haikuwa magazeti, ingawa niliyafikiria. Sababu ilikuwa Baba.

Nilipokuwa mdogo, Baba alirudi asubuhi moja kutoka shamba la kahawa, akasema amekutana na chui kijitoni, pale kwenye jiwe lililopasuka. Wakamwuliza alikuwa amekunywa meskali kiasi gani. Kweli alikuwa akinywa, kama wote walivyokuwa wakinywa. Tangu siku hiyo akawa Tiburcio wa Chui. Na kwetu, kwenye sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, kuna ngoma ya chui: mtu mmoja huvaa kinyago cha mbao chenye meno ya nguruwe mwitu na ngozi iliyopakwa madoa, wengine wakamwinda kuzunguka uwanja. Kila mwaka mvaa kinyago, Melquíades fundi wa paa, alifika mbele ya benchi la Baba, akayumba kama mlevi, akamwangukia magotini na kukoroma. Uwanja mzima ulicheka. Baba naye alicheka. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, nauona mkono wake umeshika ubao wa benchi. Baadaye akaacha kwenda uwanjani. Alikufa bado wanamwita vile, na nilijua siku ya mazishi kuna watu waliosema chinichini kwamba chui amekwenda kumpokea.

Kwa hiyo nilibeba kamera yangu mwenyewe, ile nzuri, na taa zake, na kifaa cha kuhisi mwendo, nikaipandisha yote mgongoni hadi kwenye jiwe lililopasuka. Mzee Abdón alinisaidia kufunga taa kwenye miti, huku akinihubiria.

"Sikiliza, binti. Hapa ukifanya kazi vibaya, wanakuadhibu. Ukifanya vizuri sana, wanakupandisha. Anayetaka kuondoka anafanya ya kati na kati. Mimi nimefanya ya kati na kati maisha yangu yote, hebu nitazame nilivyonawiri."

"Siwezi kupiga picha ya kati na kati, Mzee."

"Basi utakaa," akasema, akaendelea kukaza kamba.

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wake mwingine tu. Wakati huo nilikuwa nimeshapata simu kutoka kwa Rebeca, mhariri wa jarida moja la jiji la Mexico, ninayemfahamu tangu kazi ya nyangumi. Simu kwetu hushika mahali pamoja tu, makaburini, kwa hiyo habari njema zote za maisha yangu mwaka ule nilizipokea nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kaburi la Baba. Rebeca alisema wanataka mtu wa kuizunguka nchi nzima kwa miaka miwili: flamingo wa Yucatán, vipepeo wa Michoacán, majangwa ya Sonora, sikukuu za watu, misitu inayolindwa na wenyewe. Kazi ni yangu kama nitafika baada ya mwaka mpya. Zamu yangu ilikuwa inaisha siku ya mwaka mpya. Nilishika msalaba wa Baba, nikaubusu. Kilichobaki ni kumaliza vizuri na kuachiliwa.

Chui alikuja mwishoni mwa mvua. Nilifungua kamera pale pale kijitoni, mikono imelowa, na nikamkuta. Jike, mzima, anatoka kwenye vichaka kando ya jiwe lililopasuka, mguu wa mbele umeinuliwa, matone ya maji kwenye sharubu, macho hayatazami kamera bali kitu kilicho mbele kidogo, kitu anachokijua yeye. Nililia. Mzee Abdón alivua kofia.

Nilimwonyesha Mama jikoni. Alifuta mikono kwenye aproni, akasogeza uso karibu na kioo cha kamera, akagusa lile jiwe kwa ncha ya kidole. Jiwe kwanza, kabla ya chui.

"Ndipo pale," alisema. "Ndipo alipokuwa akisema."

Akarudi kugeuza tortila, mikate yetu ya mahindi, na moja ikaungua. Sijawahi kumwona Mama akiunguza tortila.

Mkutano ulikuwa Jumapili baada ya misa. Tuliziba madirisha ya ukumbi kwa mablanketi, tukatundika shuka la kanisa, na kwa mashine ya kurushia picha nikawaonyesha kazi ya mwaka: visiki vya wakata miti tuliowafukuza, kulungu, nguruwe, mipaka. Watu walikuwa wakikohoa na kunong'ona, watoto wakilia. Kisha nikamweka chui. Picha ilikuwa kubwa kama ukuta. Hakuna aliyeuliza ni wapi, kwa sababu hakuna mtu wa Yalaguía asiyelijua jiwe lile.

Wa kwanza kusimama alikuwa Melquíades. Amezeeka sasa, anatembea kwa fimbo. Alivua kofia, akapita kati ya mabenchi mpaka nyuma kabisa wanapokaa wajane, akasimama mbele ya Mama.

"Mama Eleuteria, tulimcheka mumeo. Nakuomba msamaha."

"Kamwambie mwenyewe," Mama akajibu. "Unajua alipo."

Na alikwenda. Kesho yake nilipopanda makaburini kumpigia Rebeca, nilikuta mishumaa, maua ya manjano, na chupa ya meskali iliyofunguliwa, kikombe kimoja kimemwagwa chini. Nilikaa pale nikamweleza Baba habari zote, kama mwendawazimu. Moyo wangu ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu nirudi.

Ila mkutano ulikuwa umeamua jambo lingine pia. Picha haitoki. Kijiji cha upande wa pili wa mlima kilikuwa na picha kama ile, ikaingia gazetini. Kwanza walikuja wawindaji. Halafu wakaja watu wa serikali na ramani, wakachora mstari wa hifadhi, na sasa wenye msitu hawaruhusiwi kukata msonobari mmoja wa kutengenezea paa. Hakuna aliyetaka mstari kama huo kwetu. Kijiji kitaulinda msitu chenyewe, kwa sheria yake, na picha itatundikwa ofisini. Nikasimama, nikasema kwa hasira kwamba kamera ni yangu, jasho ni langu, na picha ni yangu. Mwenyekiti wa mkutano hakupandisha sauti hata kidogo.

"Binti, msitu ni wetu. Chui ni wetu. Na wewe pia ni wetu."

Alisema kwa upendo, na watu wakaitikia kwa upendo. Mimi nikakaa.

Rebeca alielewa, au alijifanya kuelewa. Alisema niache hiyo picha, niende mimi mwenyewe, kazi bado ipo. Nikaanza kupanga mizigo. Niliipanga kidogo kidogo, lenzi moja leo, nguo kesho, ili Mama asione begi linajaa, ingawa lilikuwa chini ya kitanda na yeye ndiye hufagia chumba.

Kadiri mwaka ulivyokwisha ndivyo watu walivyozidi kuwa wema kwangu, na hilo lilipaswa kunitisha mapema zaidi. Kwenye mashine ya kusaga mahindi wanawake walinipisha mbele. Nililetewa mkate wa mayai, parachichi, kuku aliye hai. Kipaza sauti, kikinitangaza, kilianza kusema "tafadhali". Siku tuliyokwenda kuziondoa betri za kamera, Mzee Abdón alikaa juu ya gogo, akatafuta maneno.

"Mwenyekiti wa kamati ya msitu anamaliza," alisema. "Nafasi hiyo ni ya miaka mitatu."

"Najua. Mpwa wako Crisóforo anaitaka."

"Anaitaka sana. Ndiyo maana hawatampa."

Nikamwambia kwamba desturi iko wazi: anayetoka kutumikia hupumzishwa, nyumba yake haiguswi. Akasema desturi iko wazi, ndiyo, mpaka mtu asimame na kusema msitu haupumziki. Nikamwuliza nani atasema hivyo. Akataja karibu kijiji kizima.

Sikukaa kimya. Kwetu kujipigia kampeni ni aibu, na kujikataa kabla hujatajwa ni aibu zaidi, kwa hiyo nilimpigia kampeni Crisóforo. Kwenye mashine ya kusaga, kwenye foleni ya gesi, kwenye kazi ya pamoja ya barabara, nilimsifu mpaka watu wakadhani tunachumbiana. Nilisema ni kijana mwenye nguvu, ana pikipiki, anajua kuongea na watu wa mjini. Yote kweli. Halafu nikaenda kwa mtu mmoja ambaye kura yake ndiyo niliyoihofia na kuitegemea. Nyumba yetu, kama kila nyumba, ina kura moja, na tangu Baba afe mwenye kura ni Mama. Mimi natumikia kwa jina la nyumba. Sipigi kura.

Nilimkuta anamenya maharage. Nikakaa karibu naye, nikachukua bakuli, nikamweleza yote: Rebeca, flamingo, miaka miwili, kwamba nitatuma pesa, nitakuja kila sikukuu ya wafu, nitamwekea mtu wa kukaa naye. Nikamwambia nakufa hapa, Mama. Nakufa taratibu, na ukungu unanifunika. Kisha nikamwuliza atampigia nani kura.

"Crisóforo ni kijana mzuri," alisema.

Nilimkumbatia. Alinuka moshi na maganda ya maharage. Akaniambia niangalie, namwaga bakuli.

Siku ya uchaguzi ukumbi ulijaa hadi nje. Ubao mweusi wa shule uliletwa na kusimamishwa mbele. Majina yakatajwa. Lilipotajwa langu, kabla sijafungua mdomo Melquíades akasimama kwa shida juu ya fimbo yake, akasema msitu haupumziki. Watu wakasema ndivyo. Likaandikwa: Crisóforo, Zenaida, na mzee mmoja aliyewekwa kwa heshima tu. Kwetu kura si ya siri. Kila mwenye nyumba huenda mbele, huchukua chaki, na kuchora mstari mfupi chini ya jina analolitaka, kila mtu akimwona.

Nilikuwa mbele na kamera, kama kawaida ya mwaka ule, kwa kuwa kamati ilitaka kumbukumbu. Nilishukuru kuwa nayo. Nyuma ya kamera uso wako hauonekani. Nilipiga mikono, migongo, kofia zilizoshikwa kifuani, vumbi la chaki kwenye mwanga wa dirisha. Mistari ilikuwa ikiongezeka, sasa upande wake, sasa upande wangu. Nilijikuta nawaombea watu kwa majina wasinipende. Mzee Abdón alipita, akachora kwa mpwa wake, na akarudi bila kunitazama. Mke wake alikuwa ameshika kichwa.

Wajane hupiga mwisho, na Mama, kwa sababu ya goti lake, huwa mwisho wa wajane. Alipoinuka, mwandishi alikuwa ameshahesabu kwa kidole mara mbili, na ukumbi wote ulijua. Mimi na Crisóforo tulikuwa sawa.

Alikuja polepole kati ya mabenchi, na shali yake ya kuendea kanisani. Watu walivuta miguu apite. Nilimfuata na lenzi kwa sababu macho yangu hayajui kufanya kingine. Nilisema moyoni: Crisóforo ni kijana mzuri, Crisóforo ni kijana mzuri. Alichukua chaki, akaigeuza kama anayetazama iko upande gani, akainua mkono, shali ikateleza hadi kwenye kiwiko. Halafu akageuka kunitazama. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Akachora mstari chini ya jina langu, mrefu kuliko mistari yote iliyokuwa pale.

Kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza.

Watu walipiga makofi. Nililetewa kibuyu cha meskali ninywe na wazee. Ningeweza kusimama na kukataa, desturi haikuzuii kinywa. Kesho yake wangefunga bomba, na siku Mama akifa ningembeba kwenda kumzika ugenini, mbali na upande wake wa kushoto. Nikanywa. Crisóforo alinishika mkono na kunipongeza, na sote wawili tulikuwa karibu kulia, kila mmoja kwa sababu yake.

Nilimkuta Mama nyumbani, ameshawasha moto. Nilisimama mlangoni. Nilitaka kumpigia kelele. Badala yake sauti ikatoka ndogo.

"Uliniambia Crisóforo."

"Nilikuambia ni kijana mzuri. Ni mzuri."

"Mama, ulijua. Begi uliliona. Nilikuambia nakufa hapa."

Aliweka sufuria ya maharage juu ya moto, akainyoosha isiyumbe, ndipo akajibu, bila kugeuka.

"Baba yako alikaa peke yake na kweli yake mpaka akafa. Kaka yako namsikia kwenye simu, makaburini. Wewe nilikuona kwenye magazeti. Nimeishi na watu wa picha, Zenaida. Mwaka huu ndio nimepika kwa ajili ya mtu." Akapangusa macho kwa kiwiko, kwa sababu vidole vilikuwa na chaki bado. "Utanikasirikia, najua. Kasirika, mwanangu. Ila kasirika ukiwa hapa."

Nami nilikasirika. Nimekasirika tangu siku ile, na bado nimekasirika ninapoandika haya, kwenye meza ya ofisi, na fimbo ya uenyekiti imeegemea ukutani nyuma yangu. Rebeca alimpata mtu mwingine. Nimeona picha zake za flamingo. Ni za kati na kati.

Chui ametundikwa ukutani, juu ya kabati la majembe. Karibu naye, kwa amri ya kamati, wametundika ile ya Mama na chaki, kwa kuwa wanasema ni picha nzuri ya uchaguzi. Kweli ni nzuri. Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na haitatoka hapa.

Jioni ile ya uchaguzi nilivuta kigoda, nikakaa, akanipakulia, tukala, ukungu ukiingia mlangoni. Alikuwa hajamaliza sahani yake kipaza sauti kilipolia. Zenaida Yescas, tafadhali, afike ofisini. Mama aliinuka, akanichukulia koti langu msumarini, akanishikilia nivae.